Ndoo za Kwenda Chuo

Habari ya kwamba Wamae wa Kagure ameitwa yunivasti ilizunguka Wamagana asubuhi moja, na kabla chai ya saa nne ichemke, ndoo ya kwanza ilikuwa ishaingia kwa mlango.

Huku Tetu ndivyo hufanywa. Mtoto akiitwa yunivasti watu hawaji mikono mitupu. Kuna wenye huleta blanketi, kuna wenye huleta thamosi, lakini wengi ni ndoo, sababu ndoo haiumizi mfuko, na ukiibeba kwa barabara kila mtu anaona vile unajali elimu. Ukishafikisha ndoo unapewa kiti, unapewa chai, halafu unapewa haki ya kushauri. Kushauri bila ndoo ni kukosa adabu. Na mwenye ameleta ile kubwa ya lita ishirini, huyo hakuna mtu anaweza kumwambia afupishe.

Kufika mwisho wa Julai, Kagure alikuwa amezipanga nyuma ya kochi, ndoo ndani ya ndoo, minara mbili ya nyekundu na bluu yenye ilikuwa imepita hata picha ya marehemu baba yake kwa ukuta. Kagure hakuwa mtu wa kuringa. Alikuwa anachuma majani chai ya watu, anakama ng'ombe moja yake, na mtoto alikuwa amemlea peke yake. Lakini siku hizo alikuwa anafagia hiyo chumba kuliko uchafu yenye ilikuwa ndani, na mlango alikuwa anaiacha wazi, ili mtu akipita kwa njia aone minara.

Shida ilikuwa moja tu. Mwenye ndoo hakujua kama anataka kwenda.

Kwanza, hiyo kozi yenyewe. Wamae alikuwa ameomba uhandisi, akaomba ualimu, akaomba hata mambo ya hoteli ndio akose zote apewe hiyo. Kompyuta yenye hugawia watoto kozi ikamwangalia, ikafikiria, ikampatia digrii ya Usimamizi wa Maliasili ya Nchi Kame. Sasa Wamae amezaliwa Wamagana, mahali Julai jua hutokea kidogo tu kama mtu amesahau kofia akarudi kuichukua, na soksi ya shule inakaukia kwa mguu. Ukame alikuwa ameiona kwa televisheni.

"Lakini ni digrii," kila mtu alikuwa anasema. "Digrii ni digrii."

Halafu ukiwauliza itamfanyia nini, wanakunywa chai.

Akaona wacha aulize mtu mwenye ako nayo. Mtu wa digrii wa karibu alikuwa binamu yake Ngatia, mtoto wa mamake mkubwa, nyumba ya tatu ukiteremka kwa mto. Ngatia alisomea hesabu za bima. Siku yake ya kufuzu walichinja mbuzi, wakamvalisha zile kamba za kung'aa mpaka akafanana na mti wa Krismasi, na tangu hapo, miaka sita sasa, alikuwa nyumbani akingoja kuitwa intaviu. Tai alikuwa anavaa kila Jumatatu, ati asisahau kuifunga.

Wamae alimpata kwa jua nyuma ya nyumba, amekalia kreti ya soda, anasoma gazeti ya wiki iliyopita.

"Usiende," Ngatia akasema kabla hajaulizwa. "Mimi ndio nakuambia. Hiyo kitu ni karatasi tu."

"Karatasi tu?"

"Karatasi kama ya kufungia nyama. Ningejua, hiyo miaka yote ningekuwa nimefuga nguruwe. Saa hii ningekuwa bosi."

"Na nguruwe bado ziko. Si ufuge."

Ngatia akamwangalia vile mtu huangalia mtoto ameuliza Mungu alizaliwa na nani. "Na digrii yangu?"

"Si umesema ni karatasi."

"Wamae, mtu wa digrii hawezi onekana na nguruwe."

"Sawa. Basi nipatie hiyo karatasi. Kwa nyumba ya kuku kuna shimo panya inaingilia, na nilikuwa natafuta kitu ngumu ya kuziba."

Alisema hivyo kwa mchezo, lakini Ngatia aliinuka kwa kreti. Akaingia ndani, na Wamae akasikia sanduku ya chuma inavutwa kutoka chini ya kitanda, inafunguliwa, kimya kidogo, inafungwa tena. Kufuli ikalia. Ngatia akatoka akijipanguza mikono.

"Nilikuwa naangalia kama iko," akasema.

Hapo Wamae akaenda nyumbani na swali mbili mahali pa moja.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti ndio Kagure alifanya ile maombi ya kumwombea kijana. Wamama wa kanisa walikuja na pasta wao, viti ziliombwa kwa majirani, na baadaye kabisa, wakati wali ilikuwa imeanza kupoa ikimngoja, akafika Ankal Muriithi.

Muriithi ni kaka ya Kagure. Aliacha shule darasa la saba na hajawahi acha kusema. Ako na hadwea Kiganjo, kubwa, ya simiti na mabati na kila kitu mtu anaweza kupigilia msumari, na ako na kuari ya mawe, na gari ndefu yenye ikiingia kwa boma ya mtu lazima kuku wapangwe upya. Na sababu Wamae alipewa jina ya babu, baba yao Muriithi na Kagure, Muriithi hakuwa anamwita Wamae. Kulingana na mila yetu huyo kijana ni baba yake. Kwa hivyo alikuwa anamwita Baba, mbele ya watu, kwa heshima yote, halafu anamtuma soda.

Hakuleta ndoo. Lakini mtu wa gari kama hiyo anahesabiwa ni kama ameleta.

"Mimi sikusoma," akaanza, na wamama wakajipanga kwa viti vizuri, sababu hiyo hotuba walikuwa wanaijua kama sala ya Bwana. "Mimi sikusoma, lakini nimeandika kazi wenye wamesoma. Mlinzi yangu ako na digrii. Msichana yangu wa kaunta ako na digrii. Ng'ombe zangu tu ndio bado. Digrii ni nini? Ni karatasi. Umeona karatasi inakamuliwa maziwa?"

Watu wakacheka. Pasta pia akacheka, halafu akakumbuka amesomea upasta.

"Sasa Kagure, wewe unataka kupeleka baba yangu mahali hakuna hata nyasi, akasomee mchanga. Miaka nne ya mchanga. Mwache akuje kwangu. Kazi iko, ya ofisi, ya kukaa chini. Akimaliza hiyo miaka nne kwangu atakuwa anaajiri wale walienda."

Wamae akahisi kitu imefunguka kwa kifua. Kazi ya ofisi. Kiganjo. Bila mchanga. Akaangalia mamake. Mamake alikuwa anaangalia minara ya ndoo.

Alingoja watu watoke ndio aongee. Alikuwa anaosha sufuria na hakugeuka.

"Shule inafunguliwa mwisho wa mwezi," akasema. "Nenda kwa Muriithi mpaka hapo, ujionee. Ukiamua kukaa huko, mimi sitakulazimisha. Wewe ni mtu mkubwa."

"Asante, mami."

"Lakini ukikaa, hizo ndoo ni wewe utarudisha. Nyumba kwa nyumba. Na kila nyumba utaingia, ukae, uwaambie ni kwa nini."

Wamae akapiga picha kwa akili. Yeye na ndoo kwa kichwa, kutoka huku mpaka kule kwa kina Wakonyo, ile nyumba ya yule mama huwa hamalizi hadithi.

Jumatatu akafika Kiganjo na begi. Makurutu wa polisi walikuwa wanakimbia kando ya barabara wakiimba, vijana wa rika yake, na akawaonea wivu kidogo. Hao angalau kuna mtu alikuwa anawaambia mahali pa kukimbilia.

Kwa kaunta ya hadwea alikuwa Shiro, yule msichana wa digrii. Alikuwa anapima misumari kwa mizani bila kuangalia mizani.

"Wewe ndio baba ya bosi?"

"Ni jina tu."

"Najua. Mimi pia mwalimu ni jina tu." Akafunga misumari kwa gazeti. "Nimesomea ualimu, Kiswahili na dini. Unaona pale?" Akaonyesha kibao kwa ukuta yenye ilikuwa imeandikwa MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. "Ni mimi niliandika. Hakuna kosa hata moja. Bosi alifurahi sana."

"Na hiyo kazi yangu ya ofisi ni gani?"

Shiro akaanza kucheka, akajizuia. "Wacha aje akuambie mwenyewe. Mimi sitaki kukuharibia."

Ofisi ilikuwa nyuma, kwa stoo, katikati ya simiti na mikebe ya rangi. Meza moja, kiti moja, laptopu mpya. Muriithi akaingia, akafunga mlango, akaketi juu ya gunia, na kwa mara ya kwanza maishani Wamae akamsikia akiongea kwa sauti ya chini.

"Baba, unajua mwaka ujao nasimama udiwani."

"Nimeona mabango."

"Sasa yule jamaa tunasimama na yeye ako na digrii mbili. Kila mkutano anasimama, anasema ati yeye ni msomi, ati wodi haiwezi kupewa mtu wa darasa la saba. Watu wanapiga makofi. Hao hao huwa wanakula mbuzi zangu." Uso yake ikawa ya mtu ameumia kweli. "Kwa hivyo mimi niko yunivasti."

"Wewe?"

"Ya mtandao. Uongozi na Usimamizi. Nilipeleka karatasi zenye zilikuwa zinatakikana, usiniulize zilitoka wapi. Masomo ni jioni na Jumamosi. Sasa mimi niko na kuari, niko na kampeni, nitapata wapi hiyo wakati? Na wewe uko na kichwa ya babu. Wewe utakuwa unaingia darasa. Unaandika hizo insha, unajibu ukiulizwa, kamera imezimwa, unasema mtandao ya Kiganjo ni mbaya. Hiyo ndio kazi. Ya kukaa chini, vile niliahidi."

Wamae akamwangalia. "Ankal, si ulisema digrii ni karatasi?"

"Ni karatasi," Muriithi akasema, akiinuka na kujipanguza simiti kwa suruali. "Na mimi nahitaji hiyo karatasi."

Hivyo ndivyo Wamae wa Kagure, mtu alikuwa amekimbia yunivasti, alianza yunivasti.

Na kitu ya ajabu ni kwamba alipenda. Hiyo hakutarajia. Lekchara alikuwa mama mmoja, Dokta Kabura, sauti ya kukwaruza, mtu wa kuuliza swali halafu anangoja mpaka unyamazo inaanza kuuma. Wanafunzi wengine walikuwa watu wazima, manesi, maaskari, mapasta, na wengi walikuwa hawajibu. Wamae alikuwa anajibu. Alikuwa anaandika majibu kwa ile mahali ya kuandika, kwa jina ya Muriithi W., na Dokta Kabura alikuwa anasema, "Asante, Bwana Muriithi. Mmeona vile Bwana Muriithi amefikiria?" Kwa stoo, kati ya mikebe ya rangi, Wamae alikuwa anahisi masikio yakipata moto. Hajawahi sifiwa hivyo shuleni. Halafu anakumbuka si yeye.

Muriithi naye alikuwa anapitia jioni kuuliza, "Leo nimesema nini?" Anaambiwa. Anatikisa kichwa na kuridhika. "Lekchara alinisifu?" Alikusifu. "Nilijua tu. Mimi shida yangu ilikuwa karo, haikuwa kichwa." Wiki ya pili ilikuwa haijaisha na bosi alikuwa ameanza kukatiza wateja kwa kaunta akiwaambia kuna aina saba za uongozi. Aina zenyewe hakuwa anazijua, lakini hiyo saba alikuwa ameshika vizuri.

Halafu ikaja ile insha.

Swali yenyewe ilikuwa fupi. Je, digrii inasaidia mtu kwa kazi yake? Eleza, ukitoa mfano kwa maisha yako.

Hizo zingine zote Wamae alikuwa ameziandika akijifanya mzee wa hadwea. Lakini hii ilikuwa swali yake. Alikuwa ameibeba tangu Julai, ndoo baada ya ndoo, na hapa mwishowe kulikuwa na mtu anauliza na anataka kusikia jibu. Akakaa chini akaandika bila kusimama. Hata chai yenye Shiro alimletea iliganda utando. Alipomaliza akaituma vile ilikuwa, akalala usingizi ya mtu ametua mzigo.

Asubuhi, akiwa anapiga mswaki huko nje kwa mfereji, ndio alikumbuka kitu. Mswaki ikasimama. Kwa hiyo insha, tangu mstari wa kwanza, hakuwa Muriithi. Alikuwa Wamae.

Na jioni Dokta Kabura akatangaza. Amesoma zote. Nyingi zinanuka mtandao, amechoka nazo. Lakini kuna moja, ya Bwana Muriithi, yenye hajawahi kuona mfano yake. Kwa hivyo Jumamosi Bwana Muriithi ataisomea darasa. Kamera ikiwa imewashwa, tafadhali. Hata kama mtandao ya Kiganjo ni mbaya.

"Ankal," Wamae akasema, "kuna shida na hiyo insha."

"Shida gani? Si amesema ni nzuri?"

"Ni nzuri. Lakini upitie kwanza. Usome yote, pole pole, kabla ya Jumamosi."

"Baba, mimi husoma masomo ya kwanza kanisani kila mwezi. Hiyo Kingereza mimi huwa sipitii. Nafungua, nasoma, watu wanasema amina."

Ijumaa Wamae akamwekea karatasi kwa kiti ya gari. Jioni aliipata hapo hapo, imewekewa kuku wa mtu juu.

"Ankal, nakuomba. Pitia."

"Unaniona sijui kusoma?" Muriithi akasema, na hapo mambo ikaisha.

Jumamosi hadwea ilifungwa mapema. Muriithi alikuja amenyolewa, suti ya bluu, tai nyekundu yenye hata Ngatia angeiheshimu. Shiro alikuwa ametundika pazia mbele ya simiti, na juu ya mkebe wa rangi akapanga vitabu za kuonekana: Biblia mbili, kitabu ya nyimbo, na orodha ya bei ya mabati ikiwa imegeuzwa mgongo. Wafanyakazi wote wakasimama upande kamera haioni. Wamae akasimama karibu na mlango. Ndio mahali alionelea ni salama.

Muriithi akakohoa, akainua karatasi mbali na macho, akaanza. Alikuwa anasoma neno kwa neno kama mtu anavuka mto kwa mawe, akikanyaga moja, anajipongeza, anatafuta ingine.

"Mimi. Niko. Na mjomba. Tajiri," akasoma, kwa Kingereza yake. "Kila mahali kuna watu, mjomba wangu husimama na kusema digrii ni karatasi tu."

Akatikisa kichwa. Alikuwa anakubaliana na huyo mjomba kabisa.

"Niko pia na binamu, yeye ako na digrii, na yeye pia anasema ni karatasi tu. Lakini nilipomwomba nizibie nayo nyumba ya kuku, alienda akaifungia kwa sanduku ya chuma."

Kwa laptopu mtu akacheka. Muriithi akaona anafanya vizuri, akaongeza sauti.

"Mjomba yeye hana digrii ya kufungia. Kwa hivyo ameajiri kijana amtafutie. Mjomba ako yunivasti saa hii. Anaenda darasa na kichwa ya mtu mwingine, sababu yake iko kwa mabango."

Shiro alikuwa amejifunika mdomo na kitambaa ya kupanguzia kaunta. Mlinzi alikuwa anaangalia dari. Muriithi akaendelea, jiwe kwa jiwe, kifua mbele.

"Mbele ya watu mjomba huniheshimu sana, sababu nina jina ya babake. Huwa ananiita Baba. Halafu ananituma..."

Akasimama.

Ni hapo tu. Hiyo yote ingine ilikuwa inapita juu ya kichwa kama ndege za jeshi za Nanyuki, lakini hilo neno alikuwa anaiita kila siku, na iliingia. Macho yake ikarudi juu ya karatasi, ikateremka tena, pole pole, na wakati huu ilikuwa inasoma kweli. Shingo ikaanza kuvimba kwa kola. Akainua uso akatafuta Wamae hapo kwa mlango.

"Endelea, Bwana Muriithi," Dokta Kabura akasema. "Hapo ndio imeshika."

Kwa skrini watu arubaini na kitu walikuwa wanamwangalia. Muriithi akafungua kola. Hakuna mahali pa kukimbilia mtu akiwa kwa kamera. Nyuma ni simiti. Akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anasoma hukumu yake.

"Ananituma soda. Kwa hivyo swali ni kama digrii inasaidia. Mimi sijui. Kama ni karatasi tu, mbona wenye nayo wanaificha, na wenye hawana wanaitafuta kwa mlango wa nyuma? Mtu haibi takataka. Mimi kila siku naenda darasa na nasifiwa, na sifa inaenda kwa mtu mwingine. Labda hiyo ndio jibu yangu. Mwisho."

Halafu makofi. Manesi, maaskari, mapasta, wote. Mmoja alikuwa anapanguza macho.

"Mimi nimefundisha miaka mingi," Dokta Kabura akasema, na ile sauti ya kukwaruza ikawa laini. "Sijawahi kuona tajiri akijiweka kwa nafasi ya kijana mwenye amemkosea, halafu ajicheke hivyo mbele ya watu. Ile pahali umesimama, ukafungua kola. Hiyo haifundishwi. Hiyo ni A, Bwana Muriithi. Na kuna wengine hapa mnajijua, mnatumia vijana wenu. Mwone haya."

Laptopu ikafungwa. Kila mtu kwa stoo akakumbuka kuna kitu anapima.

"Umenitukana," Muriithi akasema.

"Nilikuambia upitie. Mara tatu."

"Mbele ya watu. Mbele ya pasta wa Othaya." Akavuta tai kama inamnyonga. Akakaa juu ya gunia. Wamae akangoja afukuzwe, na moyoni akaanza kuhesabu nyumba za kurudisha ndoo. Muriithi akavuta pumzi mara ya kwanza, mara ya pili, na Wamae akaona ile hasira ikianza kuchuja, kitu ingine ikija chini yake.

"Amesema A?"

"Amesema A."

"Hiyo ndio kubwa? Hakuna ingine juu yake?"

"Hakuna."

Muriithi akatoa simu. Kabla gunia halijamaliza kushuka chini yake, habari ilikuwa kwa kundi la familia, kundi la kanisa, kundi la kampeni na kundi la wenye kuari: Kwa neema ya Mungu leo nimepata A. Hongera zikaanza kuingia, ting, ting, ting. Hongera Mheshimiwa. Hongera msomi wetu. Kichwa ni ya familia. Kagure pia, huko Wamagana, akatuma mikono ya kupiga makofi.

"Baba," Muriithi akasema, na uso ilikuwa inang'aa. "Nimekusamehe. Sisi tukimaliza hii, tutaingia masters."

Wamae alikuwa anasoma hizo hongera kwa simu yake mwenyewe, moja moja. Alidhani zitamchekesha. Zilikuwa zinamuuma kama mchanga kwa kiatu. Alijiona hapo kwa stoo, ameota mvi, anaitwa Baba, anaandika hata ile ya udaktari, halafu siku ya gauni ya kufuzu anatumwa soda.

Shiro akampitishia kikombe ya chai. "Karibu," akasema. "Sasa na wewe umesoma na hakuna kitu unaweza kuonyesha. Tofauti ni mimi niko na picha na gauni."

Hiyo ndio ilimmaliza. Akachukua begi.

Kagure alikuwa anakama wakati alifika. Hakuuliza kitu. Maziwa ikapiga ndoo, chwa, chwa.

"Nitaenda," Wamae akasema. "Hiyo ya mchanga. Sijui itanipeleka wapi, mami, usidhani nimejua. Labda nitarudi nikalie kreti ya soda na Ngatia. Lakini nikisoma, nisome na jina yangu."

"Mm," Kagure akasema. Alikama mpaka chuchu ikakauka, akainuka na kushika mgongo. "Na A ya Muriithi?"

"Ni yangu."

"Nilijua. Muriithi darasa la tatu aliandika jina yake na akakosea." Akabeba ndoo. "Hiyo makofi nilituma ilikuwa ya wewe. Sikujua nikuandikie wapi."

Siku ya kuondoka watu walikuja tena, kushuhudia kama ndoo zao zinaenda kweli. Wamae alichukua mbili, zingine mama akasema atatunza, na kila mtu akaona yake ni kati ya zile mbili. Ankal Muriithi alifika na gari, akaomba kuongea kidogo.

"Digrii," akaanza, kwa mazoea, "ni kara..." Akakohoa. "Sisi wenye tunasoma," akasema, "tunajua kuna aina saba za uongozi." Akaketi. Watu walipiga makofi wakingoja zile saba, na hazikuja.

Hapo ndipo Ngatia alipita kwa lango, anatembea haraka, tai imefungwa, viatu zimeng'aa, na haikuwa Jumatatu. Chini ya kwapa alikuwa amebeba ile karatasi yake, ndani ya plastiki.

"Unaenda wapi hivyo?" Wamae akamuuliza.

"Kiganjo. Nimepata kazi." Alikuwa anajaribu kutotabasamu na inamshinda. "Ya ofisi. Ni Ankal. Kuna mahali pamebaki wazi."

Wamae akamwangalia, akaangalia ile plastiki. "Na cheti unaibeba ya nini?"

"Ameitisha," Ngatia akasema. "Amesema kwa hiyo kazi hawezi kuchukua mtu hana digrii."